Zimepakwa Shaba

Swabra alisimama mlangoni mwa jikoni, simu mkononi, koti bado mwilini. Huyu mkaza mwanangu ana adabu zake. Hata akitoka hospitali alikofanya kazi usiku kucha, huanza kwa kunibusu mkono. Siku hiyo hakunibusu wala hakuniamkia. Aliniuliza tu, "Mama, ule wanja wako waupata wapi?"

Nilikuwa nakata vitunguu. Nikadhani kuna harusi mahali na yeye anautaka, nikafurahi, maana wasichana wa London hawana haja na vitu vyetu. Nikamwambia wanja ni wa mkono wangu, nautengeneza kwa masizi na samli, kama alivyoutengeneza mamangu Mji wa Kale, Mombasa.

"Na Zeituni umempaka?"

"Nimempaka. Mtoto wa kike bila wanja ana mato ya kuku."

Nilisema kwa mzaha. Swabra akajiachia kwenye kiti akaanza kulia, na koti lake likaburura sakafuni. Daktari alikuwa amempigia simu akiwa bado kwenye basi. Damu ya Zeituni ilikuwa na ledi.

Ledi ni yale madini ya risasi, ya kijivu, mazito, ambayo zamani yalitiwa kwenye rangi za nyumba na kwenye petroli, hadi watu wakagundua kwamba yanawaharibu watoto akili. Hayo nayajua leo. Siku ile nilichojua ni kwamba mjukuu wangu wa miaka mitatu amekula sumu, na mamake ananitazama mimi.

Dalili tulikuwa tumeziona, hatukuzielewa. Zeituni alikuwa akishika tumbo na kujikunja. Rangi ilimtoka. Kibaya zaidi, maneno yalimpungua. Mtoto huyu alikuwa na domo la shangazi yake wa Lamu. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, lakini anakujibu, na anaongeza na yake. Sasa alikuwa ukimwita anakutazama tu. Mimi nilisema ni jicho la hasidi. Swabra, aliye nesi, alisema ni upungufu wa damu. Hata mmoja wetu hakupatia.

Nilikuja Barking, mashariki mwa London, kwa ajili ya mtoto huyo. Mume wangu alipofariki, mwanangu Sultan akaniambia, "Mama, ndoo ukae nasi, sisi kutwa tuko kazini, Zeituni analelewa na wageni." Nikafunga nyumba nikaja. Baridi nikaivumilia, mvua isiyokwisha nikaivumilia, majirani wanaopitana kimya kama wamekosana nikawavumilia. Asubuhi nilipokuwa nampikia Zeituni uji na kumlisha kijiko kimoja kimoja, nilijua bado nina kazi duniani.

Wiki ile ile akaja mama mmoja wa Kizungu kutoka idara ya afya, mpole, na maswali yake kibao. Aliuliza kuhusu rangi ya madirisha, mabomba ya maji, bizari tunazoagiza kwetu, dawa za miti shamba, udongo wanaokula wajawazito. Akaniuliza mimi mwenyewe kama napika kwenye vyungu. Nilijibu yote, lakini moyo ulikuwa unachemka. Nilijiona kama mtu aliyekamatwa na bangi uwanja wa ndege.

Halafu akauliza kama kuna mtu mwenye kazi au mchezo unaohusu ledi, na hapo Sultan akakohoa.

Nitaeleza, maana najua mtashtuka kama nilivyoshtuka mimi. Mwanangu ana bunduki. Bastola raia wa hapa haruhusiwi, lakini yeye ana bunduki ndefu inayokula risasi za bastola, na cheti cha polisi, na kabati la chuma lililokazwa ukutani, na klabu anakokwenda Jumapili kutoboa karatasi. Si hayo tu. Risasi zenyewe anazitengeneza hapa hapa nyumbani, katika chumba kidogo cha juu, kwa mashine ya mkono. Maganda yaliyokwisha kupigwa huyaokota, huyasafisha, huyatia fataki mpya kitakoni, baruti kidogo ndani, na kichwa cha risasi juu. Nilipomkuta mara ya kwanza nilikaa kitako kwenye ngazi. Nilimtia mtoto chuoni asome, akasoma, akawa injinia wa ishara za treni, kisha akaja Ulaya kutengeneza risasi.

"Heri ungeoka mikate," nilimwambia.

Alicheka. Akaniwekea kichwa kimoja kiganjani, kizito kwa udogo wake, kinang'aa wekundu wa kupendeza. "Tazama, mama. Ndani ni ledi, lakini nje zimepakwa shaba. Wenzangu wananunua zilizo wazi, wanajishika ledi mchana kutwa. Mimi natumia hizi kwa sababu nina mtoto ndani ya nyumba."

Hayo hayo ndiyo aliyomwambia mama wa afya. Akampeleka juu, akamwonyesha mlango una kufuli na ufunguo uko shingoni mwake, akamwonyesha viatu vya chumbani ambavyo havishuki ngazi. "Zimepakwa shaba," alisema, na akarudia. Hakusema uongo. Mama yule alipangusa kizingiti, sakafu na ngazi kwa vitambaa vyake, akavitia kwenye mifuko, na baadaye majibu yakaja kwamba ngazi ni safi. Kilichobaki mezani kilikuwa kikopo changu cha wanja. Alikichukua pia, akasema maabara itachelewa kidogo, ila wanja wa aina hii umeshawadhuru watoto wengi mjini humu.

Hakuninyooshea kidole. Lakini Swabra alikuwa tayari ameshamtoa Zeituni mapajani mwangu.

Jioni Sultan alikuja chumbani kwangu akasimama karibu na pazia. Mwanangu akiwa na jambo zito huwa anashika pazia, tangu utotoni.

"Mama, ni kwa muda tu. Mpaka tujue."

"Mpaka mjue nini? Mpaka mjue kama mimi ni muuaji?"

"Hakuna aliyesema hivyo."

"Basi sema wewe, nisikie kwa mtu niliyemzaa."

Alinibebea sanduku. Nilipotoka Zeituni alikuwa dirishani, na Swabra nyuma yake amemshika mabega yote mawili. Nililia kwenye treni mbele za watu, mimi nisiyelia hata msibani.

Nilikwenda Rayners Lane, upande wa pili wa mji, kwa Bhanu. Bhanu ni Mhindi wa Mombasa, tulikua mtaa mmoja, tulichezea rede uchochoro mmoja, akahamia London zamani akiwa bibi arusi, na sasa ni mjane mwenye nyumba kubwa na magoti mabovu. Alinifungulia mlango, akaona sanduku, akasema, "Ingia dada, chai iko jikoni." Aliposikia kisa chote akapiga meza.

"Wanja! Hata mimi mamangu amenipaka wanja mpaka kwenye nyayo. Na akili yangu iko sawasawa."

"Hilo sina uhakika nalo," nikamwambia, na tukacheka, na kicheko kikageuka kilio tena.

Mwanzoni hasira ndiyo iliyonishika mkono. Niliona nimesingiziwa. Masizi na samli, hiyo ledi imeingia wapi? Nilikuwa nikizunguka nyumba ya Bhanu nikimhutubia Swabra ambaye hayupo. Kila jioni Sultan alinipigia, kila jioni namuuliza jambo moja tu: mtoto anaendeleaje?

Kisha siku moja akanipigia mchana. Sauti yake ilikuwa nyepesi. Damu ya Zeituni ilikuwa imepimwa tena, na ledi imeshuka sana. Tumbo limetulia. Anakula. Leo asubuhi amemwambia mamake "No," kwa nguvu.

Nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka Bhanu akaja mbio na magoti yake. Nilimkumbatia. Halafu nikakaa, kwa sababu niliyaelewa niliyoyasikia. Mimi nimetoka nyumbani, sumu imeshuka. Hakuna kilichobadilika nyumbani ila mimi.

"Majibu ya wanja bado," Bhanu alisema.

"Yana kazi gani tena?"

Hapo hasira ilinitoka ikaniacha mtupu, na kilichobaki kilikuwa hofu. Pengine samli. Pengine taa niliyofukizia masizi. Nilikuwa na kikopo cha pili mkobani. Nikakimwaga chooni nikavuta maji, nikanawa mikono, nikarudi kunawa. Nilianza kujichukia. Nilimwambia Bhanu nitarudi Mombasa, kwamba bibi anayemdhuru mjukuu wake heri akafie mbali. Bhanu alinifunika shali.

Jumamosi moja nilikwenda Barking kuchukua dawa zangu za presha zilizobaki na koti la baridi. Nilipiga simu haikupokewa. Nikasema potelea mbali, ufunguo ninao, nitaingia nitoke, na kama Zeituni yupo nitamwangalia kwa mbali.

Nyumba ilikuwa kimya. Swabra na mtoto walikuwa wametoka. Nilichukua koti, nikaingia jikoni kutafuta dawa, nikasikia sauti inatoka uani. Sauti ile naijua tangu tumboni mwa mamangu: shwaa, shwaa, ya ungo unapepetwa.

Nilichungulia mlangoni. Sultan alikuwa amesimama kando ya kiambaza cha ua, ungo mikononi, anapepeta. Na anapepeta vizuri! Nilimfundisha mwenyewe akiwa mdogo, pamoja na dada zake, ndugu zangu wakanicheka kwamba namfanya mwanamume awe mwanamke. Anarusha, anadaka, anageuza kifundo cha mkono, pumba inatangulia mbele. Nusu ya moyo wangu ilijivuna kabla sijauliza anapepeta nini.

Ungo ulikuwa umejaa maganda ya risasi. Yaling'aa kama mapya, na kati yake kulikuwa na chembechembe za rangi ya udongo, ndizo zilizokuwa zikiruka. Vumbi la kijivu lilisimama hewani, kisha likashuka juu ya ungo na juu ya mikono yake.

"Sultan, wafanyani?"

Alishtuka, maganda matatu yakaanguka. "Mama! Hukusema waja." Aliona ninavyotazama ungo akatabasamu kidogo. "Nasafisha maganda. Nayatia kwenye mashine inayotikisika pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa, yanayasugua ndani na nje. Kuyatenganisha ndiyo taabu, wenzangu wananunua vyombo. Mimi nikasema kuna chombo gani kinachoshinda ungo? Nimewaambia klabu, wamenicheka."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Jumamosi ukienda darasani kwenu msikitini. Hufanya nje, mama, vumbi lisiingie ndani. Nikimaliza naupangusa narudisha msumarini."

Ungo huo niliuleta mimi kutoka Mombasa, kwenye ndege, nikiwa nimeukumbatia. Swabra aliupenda, akautundika ukutani jikoni kama picha. Kwake ni urembo. Sikumgombeza, kila mtu na ladha yake.

"Na hilo vumbi," nikasema, "la nini?"

"La magunzi. Na uchafu wa ndani ya ganda. Masizi ya baruti na ya fataki, ile inayolipuka kule kitakoni. Ndiyo inayo..."

Aliacha kusema. Nimemwona mwanangu akifiwa na babake, sikuwahi kumwona na uso ule. Aliuweka ungo chini polepole mno.

"Fataki," alisema. "Fataki ina ledi, mama. Ikilipuka inakuwa unga. Nilijua. Nilisoma. Mimi nilikuwa naangalia vichwa tu. Zimepakwa shaba, zimepakwa shaba..." Akatazama mikono yake. Kisha akashika kichwa, akakumbuka kwamba mikono ina vumbi, akaiachia. Lakini mwanangu ni injinia, na akili yake ikaanza kutafuta njia ya kutokea. "Lakini nanawa. Nguo navua. Na ungo ni pambo tu, hakuna chakula kinachowekwa humo. Swabra hata hajui kupepeta. Zeituni haufikii. Haiwezekani iwe hii."

Aliniangalia anisaidie.

Mimi nilikuwa nimeshika fremu ya mlango. Kila Jumapili asubuhi, wao wakiwa bado wamelala, nilikuwa nikiuteremsha ungo ule. Unga wa mchele wa madukani sikuupenda, una harufu ya karatasi. Kwa hiyo nauosha mchele, nauroweka, nauchuja, na ukiwa bado maji maji nautandaza kwenye ungo ukauke karibu na dirisha, kama tunavyofanya kwetu. Ukikauka nausaga. Unga huo ulikuwa wa mtu mmoja. Wakubwa walikunywa chai na mkate. Uji wa mchele, wenye tui na iliki, ulikuwa wa Zeituni, asubuhi zote za wiki.

Hakuna aliyejua habari ya ungo ila mimi. Naapa shetani alikuja akakaa kwenye bega langu. Aliniambia, nyamaza; mwanao amesema haiwezekani, mtoto anapona, wewe lawama umeshazizoea. Nilimsikia wazi kabisa.

"Unga wa uji wa Zeituni," nilisema, "mchele wake nauanika humo."

Sultan hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Alikaa chini pale pale kwenye matofali yenye maji, kati ya maganda yake, na akatoa sauti ambayo sitaki kuieleza.

Mama wa afya alirudi, safari hii na kifaa kinachosoma madini bila kukwangua. Alikigusisha kwenye ungo, akatazama kioo, akakigusisha tena mahali pengine kama mtu asiyeamini macho yake. Ledi ilikuwa imeingia ndani ya msuko wa ukili wenyewe. Akauliza kama unga umebaki. Kopo lilikuwa kabatini bado, maana nilipoondoka hakuna aliyekuwa akijua kupika uji ule. Ulikuwa mweupe, laini, unanukia vizuri. Alipopima alifunga kifuniko na kukizungushia utepe, akavua glavu zake.

Majibu ya wanja yalikuja siku chache baadaye. Wanja wangu ulikuwa safi, masizi na samli, basi.

Daktari alisema tuna bahati kwamba uji ulikatika mapema. Damu itaendelea kushuka. Mifupa hushika kidogo na kuachilia polepole. Kuhusu maneno, alisema watamfuatilia mtoto, wengi hurudi sawa. Nilimuuliza, kwa Kiingereza changu hicho hicho, wengi ni wote? Alisema hapana, si wote.

Ijumaa walinirudisha nyumbani. Chumba cha juu kilikuwa kitupu, mashine imeuzwa, bunduki imekabidhiwa polisi. Swabra alinibusu mkono wa kulia, akanibusu wa kushoto, akapiga magoti hapo hapo jikoni akaniomba radhi mpaka kilemba chake kikaanguka. "Nilikufukuza kwa wanja, mama, na wanja haukuwa na kosa." Sultan alisimama kando akilia wazi. "Kosa ni langu, mama. Si lako hata chembe." Nilisikia wanavyosema, na nilijua wanasema kweli kama wanavyoiona. Lakini aliyekoroga uji ule ni nani? Aliyemwambia mtoto, haya fungua kinywa, kijiko kimoja cha baba, kimoja cha mama, kimoja cha Nana, ni nani? Nilipokuwa nimesingiziwa nilikuwa na hasira ya kunisimamisha. Sasa nimesamehewa na sina kitu cha kushika.

Swabra akataka kunifurahisha. Alikuwa amepika uji mwenyewe, unga wa dukani, sufuria mpya, ametia tui na iliki akijaribu kufuata mkono wangu. Aliuweka mezani kwenye bakuli la plastiki la njano. Zeituni akaja mbio, akanipanda mapajani kana kwamba sikuwahi kuondoka. Alikuwa mzito kuliko nilivyomwacha. Akafungua kinywa.

"Mlishe, mama," Swabra alisema. "Amekataa kulishwa na mimi."

Nilichota. Nilipuliza. Kijiko kilifika karibu na midomo yake, mkono ukakataa kuendelea. Nikasema ngoja nionje kwanza. Nikala kijiko hicho mimi mwenyewe, nikangoja, sijui nikingoja nini. Nikachota cha pili, kikafika pale pale, nikakirudisha kinywani mwangu.

"Nana, that's mine," Zeituni alisema.

Sultan akashika pumzi, kwa sababu ilikuwa sentensi nzima. Swabra akaweka mkono mdomoni. Nilitaka kufurahi pamoja nao. Nikachota cha tatu, nikala, na cha nne, uji wa moto unaniunguza koo. Mtoto akaanza kulia kwamba namlia uji wake, na mimi nikaendelea mpaka bakuli likaisha.